Karandinga Mlimani: Mahabusu Anafikaje Mahakamani Akiwa Mzima?

Karandinga, lile gari la kubebea mahabusu na wafungwa, likikatiza Mwanjelwa jijini Mbeya asubuhi, wapita njia huangalia nondo na mitutu ya bunduki, na swali linalowajia ni moja: hawa hawawezi kuchomoka? Ni swali halali, ila ni nusu tu. Nusu ya pili huulizwa na wachache: gari hili likifunga breki ghafla kwenye mteremko wa Iwambi, watu walioko nyuma, mikono ikiwa kwenye pingu, watashika nini?

Kusafirisha mahabusu na wafungwa huonekana jambo jepesi mpaka ulifungue. Ndani yake mna sheria kadhaa, mna fizikia, mna moshi wa injini na hali ya hewa, na mna askari anayejua kwamba akipoteza mtu mmoja njiani atakuwa na maelezo mengi ya kuandika. Wengi hudhani ulinzi na usalama vinavutana: ukimlegezea mahabusu afike mzima, umempa upenyo, ukimbana asitoroke, lazima aumie kidogo. Nadhani dhana hiyo ndiyo inayozaa majeraha mengi, na ukiichunguza haisimami. Ukiangalia jinsi gari, pingu na utaratibu vinavyofanya kazi, mara nyingi kinachomfikisha mtu mzima ndicho hichohicho kinachomzuia asitoroke.

Wanaopanda ni nani

Wengi wa wanaopanda karandinga si wafungwa. Ni mahabusu, watu wanaosubiri kesi zao kwa sababu kosa halina dhamana au masharti ya dhamana yamewashinda. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kesi zao hutajwa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupandishwa na kushushwa mara nyingi mno kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa husafiri kwa nadra: ana rufaa, anapelekwa hospitali, au anahamishwa gereza.

Safari zenyewe si za aina moja, na hatari zake hazilingani. Ya kwanza ni ya kutoka mtu anapokamatiwa hadi kituoni. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu bado ana hasira, pengine amelewa, pengine wananchi wameshampiga, na hakuna aliyempekua sawasawa. Gari ni Difenda au Land Cruiser yenye mgongo wazi. Mtuhumiwa anakaa sakafuni katikati ya mabuti, askari wamekaa ukingoni miguu ikining'inia nje. Gari likipinduka hapo, pingu au bila pingu, wote ni abiria walewale.

Vijijini mambo ni mengine kabisa. Mgambo wa kijiji akimkamata mtu wa kuiba ng'ombe huko ndani ya Chunya au Makete, gari la polisi halipo, na likiwepo halina mafuta. Mtuhumiwa anapakiwa mshikaki kwenye bodaboda: dereva mbele, yeye katikati amefungwa kamba, mgambo nyuma. Sijui kama upo usafiri wa hatari kuliko huo. Mtu aliyefungwa mikono hawezi kujishikilia, hivyo kila shimo linampeleka upande na anawavuta wenzake wawili. Kama hakuna namna ila kusubiri gari, basi kusubiri ndiyo namna.

Kuna pia safari ya basi la kawaida, askari wawili na mtuhumiwa wao wakitoka, tuseme, Njombe kwenda Mbeya. Abiria huwa hawaipendi, lakini ukiilinganisha na Difenda ina nafuu zake: viti vinaangalia mbele, vina migongo mirefu, na kasi inafuatiliwa. Askari mwenye akili humweka mtu wake katikati ya basi upande wa dirisha, mbali na mlango na mbali na dereva, naye akakaa upande wa njia. Hamfungi kwenye kiti. Sababu ya hilo nitaieleza kwenye pingu.

Halafu ndiyo safari tunazozizoea kuziona: kituoni kwenda mahakamani, ambayo kisheria inapaswa kufanyika ndani ya saa 24 tangu mtu akamatwe kama hakupewa dhamana, na zile za kwenda na kurudi kati ya gereza, mfano Gereza la Ruanda hapa mjini, na mahakama.

Breki, kona na mikono isiyo huru

Mwili ulio ndani ya gari husafiri kwa kasi ya gari. Gari likisimama ghafla, mwili unaendelea na safari yake mpaka ukutane na kitu: nondo, ukuta wa bodi, kichwa cha jirani. Kwa kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao dereva yeyote wa barabara ya Tunduma atauita wa kizee, kishindo kile ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 14. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Hesabu hii haibadiliki kwa sababu abiria ni mtuhumiwa.

Abiria wa kawaida ana kinga mbili: mkanda, na mikono yake. Ukijikwaa, mikono hutangulia kabla hujafikiri. Mtu mwenye pingu za nyuma hana mikono ya kutangulia, kwa hiyo kinachotangulia ni paji la uso, na nyuma yake inafuata shingo ikibeba uzito wa mwili mzima. Ndiyo maana majeraha mabaya ya watu waliosafirishwa namna hii huwa ya kichwa na uti wa mgongo.

Mabenchi ya pembeni yanaongeza tatizo. Mkanda na mwili wa binadamu vinahimili vizuri zaidi nguvu inayotoka mbele au nyuma. Mtu aliyekaa ubavu, breki humtupa kuelekea kebini ya dereva kiubavu, na wote walio kwenye benchi lile hulundikana juu ya yule wa mwisho. Kwenye kona, kama zile za Kitonga zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua, nguvu inageuka: sasa inamsukuma mtu atoke kwenye benchi aje katikati, au impigize mgongo ukutani. Dereva aliyeko mbele na usukani wake haihisi kona ile kama wanavyoihisi walioko nyuma. Yeye anaijua inakuja, wao hawaioni.

Mifano iliyofika hadi kwenye rekodi za umma imetoka mbali, lakini bodi la chuma ni bodi la chuma. Juni 19, 2022, mjini New Haven, Marekani, Randy Cox alikuwa nyuma ya gari la polisi, pingu nyuma, bila mkanda kwa sababu gari halikuwa nao. Dereva alifunga breki kukwepa ajali. Cox akateleza kwenye benchi kichwa kikatangulia ukutani, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Mwaka uliofuata mji ule ulikubali kumlipa dola milioni 45. Miaka saba kabla yake, Aprili 2015, Freddie Gray wa Baltimore aliingizwa kwenye gari la polisi akiwa na pingu za mikono na za miguu, bila mkanda. Alitoka na jeraha la uti wa mgongo na akafa wiki moja baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Mikanda kwenye gari la Baltimore ilikuwepo. Haikufungwa.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe, kwa sababu askari wana hoja. Ukitaka kumfunga mtu mkanda kwenye chumba kidogo, lazima uiname juu yake, na ukiinama, bastola ya kiunoni iko karibu na mikono au meno ya mtu asiyekupenda. Mkanda mrefu ukilegezwa unaweza kuwa kitanzi. Hoja hizi si za kupuuza. Lakini majibu yapo, na mengi si ya gharama. Askari anayeingia nyuma kufunga mikanda anaacha silaha kwa mwenzake aliye nje. Watu hupandishwa mmojammoja, anayefunga na anayetazama wakiwa wawili tofauti. Kwenye magari yaliyobuniwa vizuri, kifungio cha mkanda kinakaa upande wa mlango ili askari asimvuke mtu, na viti ni vya mtu mmojammoja. Na angalia matokeo yake: mtu aliyefungwa mkanda kwenye kiti chake hawezi kusimama, hawezi kumrukia askari, hawezi kupiga teke mlango.

Pasipo na mikanda, na magari ya namna hiyo ndiyo mengi, bado pana tofauti kati ya kubahatisha na kujali. Watu wakae wote, asisimame mtu. Anayekaa mgongo wake ukiegemea ukuta wa kebini yuko salama zaidi wakati wa breki kuliko aliyekaa mlangoni, kwa hiyo wazee, wagonjwa na wenye majeraha wapewe nafasi hizo. Gari lisijazwe. Na kasi ipungue, kwa sababu kasi ndiyo kitu pekee ambacho hakihitaji bajeti.

Pingu

Pingu zina siri moja ambayo hata baadhi ya wanaozibeba hawaizingatii. Meno yake hukaza kwa upande mmoja tu. Mtu akikalia mikono yake, au akiegemea ukuta gari likiruka tuta, pingu inaongeza jino moja, kisha jingine, na hairudi. Baada ya dakika kadhaa kidole gumba kinakufa ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa kifundo umebanwa. Ganzi hiyo yaweza kudumu miezi. Kinga yake imejengwa ndani ya pingu yenyewe: kwenye ncha ya ufunguo kuna kijiti cha kubonyezea kufuli ya pili, nayo ikishabonyezwa meno hayasogei tena mbele wala nyuma. Kabla ya hapo, ncha ya kidole cha askari iweze kupita kati ya chuma na ngozi. Kazi yote haichukui hata nusu dakika. Na kufuli hiyohiyo ya pili ndiyo inayofanya pingu iwe ngumu kuchokonolewa, kwa hiyo askari anapata ulinzi zaidi kwa kitendo kilekile kinachouokoa mkono wa mahabusu.

Nyuma au mbele? Kwa mtu aliyekamatwa sasa hivi, ambaye hajapekuliwa na bado anapambana, nyuma kuna mantiki, na kituo kikiwa karibu haidumu sana. Kwa safari ndefu ya mtu aliyetulia na aliyekwisha kupekuliwa, nyuma ni mateso yasiyo na faida. Mbele, hasa zikiunganishwa na mkanda wa kiunoni, zinamwacha ajikinge akianguka na anywe maji mwenyewe, bila kumpa uwezo wa kuinua mikono kupiga. Kuwafunga watu wawili mkono kwa mkono kunapunguza hamu ya kukimbia, ni kweli, lakini mmoja akianguka kwenye ngazi ya gari anashuka na bega la mwenzake.

Lisilo na mjadala ni kumfunga mtu kwenye gari: kwenye nondo, kwenye mguu wa kiti, kwenye fremu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita malori ya mafuta usiku na mchana. Gari likishika moto au likitumbukia mtoni, kila aliye huru hutoka kwa sekunde, na aliyefungwa kwenye chuma anasubiri mtu mwenye ufunguo ambaye pengine amezimia. Kwa sababu hiyohiyo yule wa kwenye basi hafungwi kwenye kiti.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyohitajika kumzuia asitoroke. Kipimo ni mtu na hali yake. "Ndivyo tunavyofanya siku zote" si kipimo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinakataza minyororo na vyuma vinavyodhalilisha, na zinakataza vifaa vya kumbana mtu kutumika kama adhabu.

Na kuna jambo moja linaloua kimyakimya kuliko pingu. Mtu amelewa au anapambana, analazwa kifudifudi sakafuni mwa gari, mikono nyuma, na goti la askari mgongoni ili atulie. Kifua kinahitaji kupanuka ndipo pumzi iingie. Kikibanwa chini na juu, mtu anahangaika zaidi ili apate hewa, askari anaona bado mkaidi, anaongeza uzito. Halafu anatulia kabisa. Mtu akishadhibitiwa akalishwe au alazwe ubavu, hapohapo. Anaposema hapumui, kule kusema kwake si ushahidi kwamba anapumua vya kutosha.

Hewa: Makambako si Rujewa

Mkoa wa Mbeya una historia chungu kuhusu hewa. Novemba 2002, wilayani Mbarali, mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya chumba kilichojazwa kupita uwezo wake. Kilikuwa chumba, hakikuwa gari. Ila gari la kufungwa ni chumba kidogo zaidi, na lina kitu ambacho chumba hakina: linaweza kuegeshwa juani na kuachwa.

Mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la takriban wati 100. Watu ishirini kwenye bodi moja wanatoa wati 2,000, yaani kama umewasha jiko la umeme ukalifungia humo ndani. Jasho lao linapandisha unyevu, na unyevu ukipanda jasho haliwezi tena kupoza mwili. Gari likitembea, upepo unaingia na hali inavumilika. Likisimama saa moja nje ya mahakama kwa sababu hakimu hajafika, ndipo watu huanza kuanguka.

Bwana Ward, mzee wa jamii za asili za Australia Magharibi, alikamatwa Januari 2008 kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Akasafirishwa zaidi ya kilomita 350 kutoka Laverton kwenda Kalgoorlie, kwa muda wa saa nne hivi, kwenye chumba cha chuma nyuma ya gari ambalo kipoza hewa chake kilikuwa kibovu, nje joto likizidi nyuzi 40. Alipewa chupa moja ndogo ya maji. Alikufa kwa joto, na tumboni alikutwa na jeraha la kuungua pale mwili ulipogusa sakafu. Waliomsafirisha walikuwa mbele, na kwao hali ilikuwa tofauti.

Nyanda za Juu Kusini zina mtego wa pekee hapa. Gari likiondoka Njombe au Makambako alfajiri ya Julai, baridi inauma, na askari kwa nia njema wanashusha turubai na kufunga matundu. Baada ya hapo barabara inateremka kuelekea Igawa na Rujewa kwenye bonde la Usangu, jua limeshapanda, na turubai lile bado limeshuka. Vivyo hivyo kutoka Iringa ukishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni: unaanza na sweta, unamalizia na jasho. Safari moja, hali ya hewa mbili. Dawa ya baridi ni blanketi na nguo, hewa isiguswe. Na mtu mmoja awe na kazi ya kusimamisha gari mahali salama na kufungua turubai wanapoingia ukanda wa joto.

Turubai lina ubaya mwingine usioonekana. Gari linapotembea, nyuma yake hewa huwa na mgandamizo mdogo, hivyo moshi wa eksozi unavutwa urudi kwenye mgongo wa gari. Kama mbele pamefungwa na nyuma pako wazi, bodi linageuka kuwa bomba la kunyonyea moshi. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na kwa mahabusu dalili hizo huchukuliwa kuwa ni maigizo. Matundu ya hewa yawe mbele au juu ili hewa iingie mbele itokee nyuma, na eksozi iliyotoboka itengenezwe kabla gari halijapewa abiria wa aina yoyote.

Hewa nzuri pia ndiyo kinga ya kifua kikuu. Ugonjwa huu hupenda sehemu zilizosongamana na kufungwa, na ukimpata mahabusu mmoja kwenye bodi lililozibwa, askari wa kusindikiza naye anavuta hewa ileile.

Kanuni ya 73 ya zile Kanuni za Mandela inalisema hili waziwazi: ni marufuku kusafirisha watu kwa chombo kisicho na hewa au mwanga wa kutosha, au kwa namna inayowatesa bila sababu. Inataka pia wasionyeshwe kwa umma zaidi ya inavyolazimu na walindwe dhidi ya matusi na udadisi. Hili la mwisho linagongana kidogo na la kwanza, maana gari la wazi lina hewa na gari la siri halina. Jibu la mafundi ni matundu yaliyoinama: hewa inapita, sura hazionekani. Mafundi wa bodi wa Mbeya wanaotengeneza malori wanaweza kuyachomelea bila shida.

Mlango

Kutoroka kwingi hutokea gari likiwa limesimama. Hutokea mlangoni: wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, wakati wa kwenda chooni, wakati ndugu wamesogea na mfuko wa chakula na kila mtu anazungumza kwa pamoja. Kwa hiyo nguvu inayotumika kuwabana watu mwendo ukiwa mkubwa ingetumika vizuri zaidi kwenye dakika tano za mwanzo na tano za mwisho. Upekuzi ufanyike kabla ya kila kupanda, hata kama mtu ametoka tu selo na hajaenda popote. Wahesabiwe wawiliwawili wakipanda, wahesabiwe wakishuka, na idadi iandikwe. Gari lirudi nyuma mpaka karibu na mlango wa mahabusu ya mahakama, wasivushwe uwanja mzima uliojaa watu. Chooni wapelekwe kwenye vituo vya polisi au magereza yaliyo njiani, Makambako, Mafinga, popote, pasiwe porini.

Ufunguo wa mlango wa nyuma usikae kwenye mfuko wa mtu mmoja aliye kebini. Ajali ya kugongana uso kwa uso huanza na kebini, na hapo ufunguo na mwenye nao vyote vimebanwa. Awepo askari mwingine mwenye ufunguo, na gari liwe na njia ya pili ya kutokea inayofunguliwa kwa nje. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali anapoufikia aliye nje.

Dereva

Kuhusu dereva sina mengi, kwa sababu wanayajua wenyewe. Kwenye Mlima Nyoka, Senjele, Kitonga na Iwambi gari linashushwa kwa gia nzito. Breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto na kufeli, na anayeachia frii ili kubana mafuta anacheza kamari kwa roho za watu ambao hawawezi hata kuruka. Ukungu wa njia ya Tukuyu pale Isyonje unataka uvumilivu. Safari ya usiku ya mahabusu iwe na sababu ya maana.

La kuongeza ni moja. King'ora na taa havibadilishi umbali wa kusimama. Watu nyuma wakiwa wamesimama au wamelundikana, uzito wa gari unapanda juu na gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona ambayo jana, likiwa tupu, lilipita vizuri.

Wasiochanganywa na wengine

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto aliye mikononi mwa polisi asichanganywe na watu wazima wanaotuhumiwa, na gari ni mahali pa kwanza pa kulipima hilo. Kumweka mtoto kebini na askari ni bora kuliko kumweka nyuma na watu asiowajua. Wanawake wasafiri chini ya uangalizi wa askari wa kike na watenganishwe na wanaume. Mjamzito asikae sakafuni wala kwenye benchi la pembeni. Mkanda wake wa chini upite chini ya tumbo, usikatize juu yake. Anayepelekwa kujifungua, hospitali ya Meta au kwingineko, asifungwe pingu wakati wa uchungu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, mwenye kifafa ajulikane kabla gari halijaondoka, na wanaotumia dawa za kila siku, ARV zikiwemo, wasizikose kwa sababu tu kesi imetajwa wilaya nyingine.

Nani anaulizwa

Magari ni machache na barabara ni ndefu, na nadhani hilo linaelezwa vya kutosha kwenye kila hotuba ya bajeti. Lisiloelezwa ni mizani ya lawama. Mtu akitoroka, lazima apatikane askari wa kujibu, na ajibu siku hiyohiyo. Mtu akifika na mbavu zimepasuka kwa sababu ya kona, mara nyingi jibu ni kwamba barabara ilikuwa mbaya. Askari ni binadamu: atakazia pale atakapoulizwa. Siku atakapoulizwa yote mawili kwa ukali uleule, ataanza kubonyeza kufuli ya pili ya pingu.

Njia rahisi ya kuanza kuuliza ni karatasi. Kabla ya safari iandikwe hali ya kila mtu: ana jeraha gani, anaumwa nini, ametoka saa ngapi. Anayempokea aandike alivyomkuta na asaini. Karatasi hiyo inamlinda mahabusu, na inamlinda pia askari aliyepewa mtu ambaye tayari alikuwa ameshapigwa na wananchi. Sehemu ya safari zenyewe inaweza kufutwa, maana kesi ya kutajwa tu humalizika kwa dakika chache. Tangu kipindi cha korona mwaka 2020 mahakama zetu zimeongeza kusikiliza mahabusu kwa njia ya video wakiwa gerezani. Kwenye njia kama ya Ludewa kwenda Njombe wakati wa masika, skrini moja inaokoa siku nzima ya matope.

Kwa ndugu wanaosubiri nje ya mahakama: mkimwona mtu wenu ameshuka akichechemea au ameshika kichwa, msimzonge askari mlangoni, mwambieni wakili, na kama hana wakili basi mahabusu mwenyewe anyooshe mkono kesi yake inapoitwa na amweleze hakimu kilichotokea ndani ya gari. Aombe iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, na aombe kupelekwa hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha. Aseme siku hiyohiyo, kabla gari halijamrudisha.